Mlango wa uani katika kompyuta: Jinsi ya kuutambua na kuufunga

Na Mwandishi Wetu, Tanga

KATIKA vijiji vya pwani kama Moa, wilayani Mkinga, karibu na mpaka wa Kenya, mgeni hupiga hodi mlango wa mbele na jamaa hupitia uani. Ikiwa mlango wa uani hauna komeo, mwenye nia mbaya anaweza kuingia na kutoka wakati wenye nyumba wamekaa barazani wakizungumza, wala wasiwe na habari.

Hivyo ndivyo inavyofanya kazi aina moja ya programu haribifu za kompyuta ambayo wataalamu huiita mlango wa nyuma. Kirusi cha kawaida huweza kujitangaza kwa kufuta mafaili au kuizima mashine. Mlango wa nyuma hukaa kimya, kwa kuwa aliyeuweka anataka kurudi kesho na keshokutwa.

Tuchukue mfano. Kijana wa Moa aliyemaliza kidato cha sita anasafiri hadi jijini Tanga kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Anaingia katika duka la steshenari, anachomeka flashi yake, anafungua baruapepe na kuandika neno lake la siri. Iwapo kompyuta hiyo ina mlango wa nyuma, neno hilo limekwishasomwa na mtu mwingine. Litasomwa pia la mfanyabiashara anayemfuatia kwenye foleni, na la mwalimu aliye nyuma yake. Mashine ni moja, lakini wanaoweza kudhurika ni wengi.

Programu hiyo ikishawashwa, yenyewe ndiyo huanzisha mawasiliano kwenda kwa bwana wake kupitia intaneti. Hapo ndipo ulipo ujanja. Kinga nyingi za kompyuta huwazuia wanaobisha hodi kutoka nje, lakini huwaachia walio ndani watoke. Mawasiliano yakishafunguka, mhalifu anaweza kunakili kila kitufe kinachobonyezwa, kupiga picha ya kilichomo kwenye kioo, kuwasha kamera, kuchukua mafaili na hata kuingiza programu nyingine.

Mbinu hii si ngeni. Agosti 1998, kikundi cha wadukuzi wa Marekani kilionyesha hadharani jijini Las Vegas programu ya Back Orifice, iliyoweza kuendesha kwa mbali kompyuta za Windows 95 na 98. Mwaka huohuo ilitokea nyingine iliyoitwa NetBus.

Madhara yake yalionekana upesi. Nchini Sweden, mwaka 1999, picha za udhalilishaji wa watoto zilikutwa katika kompyuta ya mhadhiri wa sheria wa Chuo Kikuu cha Lund, naye akapoteza kazi. Mwaka 2004 mahakama ilimwachia huru, baada ya kubainika kuwa NetBus ilikuwa imetumika kuziingiza. Kwa hiyo, mlango wa nyuma hauishii katika kuiba. Unaweza pia kumpachika mtu hatia isiyo yake.

Karibu na kwetu, Mei 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa wadukuzi waliohusishwa na China walikuwa wamezilenga taasisi za serikali ya Kenya kwa miaka kadhaa. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, mwishoni mwa mwaka 2019 mtumishi mmoja alipakua waraka wenye programu haribifu bila kujua, na wadukuzi wakapata njia ya kuingia. China ilikanusha tuhuma hizo. Hata hivyo, funzo kwa mtumiaji wa kawaida linabaki palepale: waraka mmoja tu unatosha.

Mbali na nyaraka zinazoambatishwa kwenye baruapepe, njia nyingine kubwa ni flashi zinazopita mkono kwa mkono, pamoja na programu za wizi. Wengi hutafuta intanetini programu ya kuifungua Windows au Office bila kulipia. Mara nyingi programu hizo humtaka mtumiaji azime kwanza kinga ya virusi. Anayekubali amekwishaondoa komeo kwa mkono wake mwenyewe.

Dalili zipo, ingawa si lazima zionekane. Kinga ya virusi hujizima au hukataa kuwaka. Taa ya kamera huwaka bila sababu. Kishale cha mausi hutembea chenyewe. Bando la intaneti huisha haraka kuliko kawaida, au marafiki hupokea barua ambazo hukuwaandikia. Kompyuta kuwa nzito peke yake si ushahidi, kwani huenda mashine imezeeka tu.

Anayeshuku mashine yake na afuate hatua hizi, kwa mpangilio huu.

Kwanza, ikate kompyuta kwenye intaneti. Chomoa waya, zima Wi-Fi, ondoa modemu. Bila mtandao, mhalifu hawezi kuiendesha. Usiandike tena neno lolote la siri katika mashine hiyo.

Pili, tumia simu au kompyuta nyingine unayoiamini kubadili maneno ya siri. Anza na baruapepe, kwa sababu anayeishika baruapepe yako anaweza kuomba maneno mapya ya siri ya akaunti nyingine zote. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha ondoa vifaa usivyovijua katika orodha ya vilivyoingia kwenye akaunti. Kama ulifungua huduma za benki katika mashine hiyo, ijulishe benki yako mapema.

Tatu, nakili kazi zako muhimu: nyaraka, picha na hesabu. Usinakili programu. Flashi au diski uliyotumia ikaguliwe katika mashine safi kabla ya kufungua chochote kilichomo.

Nne, kagua mashine. Windows 10 na 11 zina kinga yake, Microsoft Defender, isiyohitaji malipo. Ndani yake umo ukaguzi wa nje ya mtandao, ambao huiwasha kompyuta upya na kupekua kabla Windows yenyewe haijaamka. Ukaguzi huo huchukua takriban dakika 15. Faida yake ni kwamba programu haribifu inakuwa haijapata nafasi ya kujificha.

Tano, tazama yaliyobaki. Bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uone programu zinazojiwasha kompyuta inapoamka. Tafuta pia programu za kuendesha kompyuta kwa mbali ambazo hukuziweka, akaunti za watumiaji usiowafahamu, na mafaili yaliyoruhusiwa yasikaguliwe na kinga. Jina usilolijua si lazima liwe la uhalifu; liulizie kwa fundi kabla ya kulifuta.

Sita, ukibaki na shaka, futa diski yote na uweke Windows upya kutoka chanzo halali. Mafundi wetu huita kazi hii kupiga Windows. Ni usumbufu, lakini ndiyo njia ya uhakika zaidi, kwa sababu aliyekuwa na funguo za nyumba huenda alitoboa matundu mengine ambayo ukaguzi haukuyaona. Hata hivyo, kupiga Windows kwa kutumia nakala ya wizi ni kurudi pale ulipoanzia.

Baada ya hapo, ruhusu Windows ijisasishe. Ieleweke kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 mnamo Januari 14, 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025, isipokuwa kwa mashine zilizosajiliwa katika mpango wa nyongeza. Kompyuta nyingine zina nyufa zinazojulikana na ambazo hazitazibwa tena.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Makosa ya Mtandao iliyoanza kutumika Septemba 1, 2015 inaharamisha kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini. Aliyedhurika anaweza kutoa taarifa polisi. Katika hali hiyo ni vyema asifute chochote kabla ya kupata ushauri, kwani diski hiyo ndiyo ushahidi.

Kosa kubwa ni kuisafisha mashine na kuacha maneno ya siri yaleyale. Huko ni kubadili mlango huku mwizi akiwa na ufunguo wa kabati. Naye mwenye duka la steshenari ana wajibu zaidi: kompyuta yake ni uani wa watu wengi. Akikagua kila flashi inayochomekwa na kukataa programu za wizi, kijana wa Moa atarudi nyumbani akiwa na fomu yake, na siri yake ikiwa salama.