Yasiyoonekana katika picha za kale za wanakemia

MWANAFUNZI wa shule ya upili kutoka Kaloleni, Jericho au Dandora anapofungua kitabu cha Kemia, haichukui muda kabla ya kukutana na picha ya kale: mzee mwenye ndevu na koti refu jeusi, mkono mmoja umeshika chupa ya kioo, macho yametazama mbali kana kwamba jibu amekwisha kulijua.

Picha za aina hiyo zimewafanya wengi waamini kwamba kemia ni kazi ya watu wa nchi za mbali na wa enzi zilizopita. Ilhali katika mitaa hiyo hiyo ya Eastlands, jijini Nairobi, kemia hufanywa kila uchao. Hufanywa katika karakana za Kariobangi, katika vibanda vya kuchaji betri za magari na nyuma ya nyumba kunakotengenezwa sabuni ya maji.

Kwa hivyo, picha za wanakemia wa kale si mapambo ya vitabu tu. Zikisomwa kwa makini, zina mafunzo yanayoweza kuokoa macho, mapafu na hata maisha. Zikitazamwa juu juu, huenda zikapotosha.

Picha ni zao la kemia

Jambo la kwanza la kukumbukwa ni kuwa picha yenyewe ilizaliwa maabarani. Mnamo 1819, mwanasayansi Mwingereza John Herschel aligundua kwamba chumvi iitwayo thiosalfeti ya sodiamu huyeyusha misombo ya fedha. Miaka 20 baadaye, ugunduzi huo ulitumiwa kuzuia picha zisiendelee kuwa nyeusi zinapopatwa na mwanga.

Kwa zaidi ya karne moja, kila studio ya picha ilikuwa maabara ndogo. Katika chumba chenye taa nyekundu, mpigapicha alitumbukiza karatasi kwenye dawa ya kuifichua sura, kisha kwenye asidi hafifu ya kusimamisha kazi ya dawa ya kwanza, na hatimaye kwenye dawa ya Herschel. Mohamed Amin, mpigapicha mashuhuri aliyezaliwa mtaani Eastleigh mwaka wa 1943, alijifunza kazi yake katika enzi hiyo ya filamu na dawa.

Si ajabu basi kwamba baadhi ya wapigapicha wa mwanzo kabisa walikuwa wanakemia. John William Draper, profesa wa kemia jijini New York, alimpiga dadake picha mnamo 1840, mwaka mmoja tu baada ya ufundi huo kutangazwa rasmi nchini Ufaransa. Dada huyo alilazimika kutulia tuli kwa zaidi ya dakika moja.

Hapo ndipo penye siri ya mikao ya wanakemia wa kale. Mtu anayekoroga, anayemimina au anayepima hawezi kutulia kwa muda huo wote. Ili picha itoke vyema, ilibidi kazi isimame. Mwanakemia alishika chupa na kungoja. Kwa hivyo, kinachoonekana katika picha nyingi za karne ya 19 si kazi yenyewe, bali ni igizo la kazi.

Kichwa kilichobandikwa

Mfano wa kusisimua zaidi ni picha ya kongamano la Solvay, lililofanyika jijini Brussels, Ubelgiji, mwaka wa 1911. Ndani yake wamo vigogo wa sayansi wa wakati huo, akiwemo Albert Einstein. Marie Curie, mwanamke pekee, ameketi mezani akizungumza na jirani yake na wala haitazami kamera.

Aliyegharimia kongamano hilo, Ernest Solvay, pia anaonekana ameketi. Lakini Solvay hakuwapo wakati picha hiyo ilipopigwa. Sura yake ilikatwa kutoka picha nyingine na kubandikwa baadaye.

Solvay alikuwa mwanakemia na mwenye viwanda aliyetajirika kwa kubuni, katika miaka ya 1860, njia ya kutengeneza soda ash kutokana na chumvi, mawe ya chokaa na amonia. Wakenya wana chanzo chao cha bidhaa hiyo hiyo: Ziwa Magadi, ambako hutokana na magadi yanayochimbwa ziwani. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka uo huo wa 1911. Mnamo 1924 ilichukuliwa na Brunner Mond, kampuni ya Uingereza iliyokuwa imeanzishwa mwaka wa 1873 ili kutumia mbinu ya Solvay.

Hivyo basi, mzee aliyebandikwa pichani ana uhusiano na ndoo ya sabuni mtaani Umoja au Kayole. Mtengenezaji wa sabuni ya maji hutumia asidi ya salfoniki, ambayo wengi huijua kwa jina la Ufacid, na kuipunguza ukali kwa soda ash. Povu linalofuka ndani ya ndoo ni gesi ya kaboni dioksidi, dalili kwamba asidi na magadi vinapambana. Huo ni mmenyuko ule ule ambao mwanafunzi hufundishwa darasani kwa bureti na pipeti.

Hatari isiyoonekana

Picha nyingine maarufu zinawaonyesha Marie Curie na mumewe Pierre wakiwa katika maabara yao jijini Paris. Humo, katika banda lililokuwa likivuja, walishughulikia mawe yenye urani kwa mikono yao. Walitangaza ugunduzi wa poloniamu na radiamu mwaka wa 1898. Marie alichemsha na kukoroga malighafi hiyo kwa fimbo ya chuma, na kufikia 1902 alikuwa amepata takriban sehemu moja ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu.

Katika picha hizo hakuna glavu, hakuna barakoa. Mtazamaji anaona utulivu na bidii. Kile ambacho haoni ni miale iliyokuwa ikiwapenya. Marie alifariki mwaka wa 1934 kutokana na ugonjwa wa damu unaohusishwa na miale. Daftari zake zingali na mnururisho hadi leo na huhifadhiwa katika makasha yenye risasi, kwa kuwa radiamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua kwa nusu.

Ni kinaya kwamba miale hiyo iligunduliwa kwa msaada wa picha. Mnamo 1896, Henri Becquerel aliweka chumvi ya urani juu ya bamba la picha lililofungwa ndani ya karatasi nyeusi. Alipolisafisha, alikuta limeathiriwa ingawa halikuwa limepatwa na jua. Bamba liliona kile ambacho jicho la binadamu haliwezi kuona.

Picha za maabara za mwanzoni mwa karne ya 20 zina tabia nyingine ya kutisha: wataalamu wakinyonya pipeti kwa mdomo. Wakati huo lilikuwa jambo la kawaida ulimwenguni. Leo linakatazwa, kwa sababu kosa dogo hupeleka asidi au vijidudu mdomoni. Mwanafunzi wa KCSE anayejiandaa kwa karatasi ya tatu ya Kemia, ambayo ni ya vitendo, anafaa kutumia kipira cha kunyonyea. Shule isiyo na vipira vya kutosha inaokoa pesa kidogo na kuhatarisha mengi.

Fundi wa betri yuko katika hatari ya namna hiyo. Asidi ya salfuriki huunguza ngozi na kupofusha macho, nayo risasi iliyomo ndani ya betri hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiwango kidogo. Vumbi lake husafiri hadi nyumbani kwenye nguo za kazi. Kama miale ya radiamu, haionekani wala haina harufu ya kumwonya mtu.

Waliosimama nyuma

Kuna picha moja inayojibu dhana kuwa kemia si ya Mwafrika. Ilipigwa yapata mwaka wa 1902 na Frances Benjamin Johnston katika taasisi ya Tuskegee, jimbo la Alabama, Marekani. Ndani yake yumo George Washington Carver, aliyezaliwa utumwani, akiwa maabarani pamoja na wanafunzi wake Weusi.

Picha hiyo pia ilipangwa, lakini kwa nia maalumu. Wakati ambapo wengi nchini humo walidai kwamba Mtu Mweusi hafai kusomea sayansi, picha ilikuwa ushahidi. Hata hivyo, jina la Carver linajulikana kote duniani, ilhali majina ya wanafunzi waliokuwa naye hayatajwi.

Ndivyo ilivyo kwa picha nyingi za kale. Mkubwa yuko mbele na jina lake limeandikwa. Msaidizi aliyeosha vyombo, aliyewasha moto na aliyechoma vidole yuko nyuma, au hayumo kabisa.

La kufanya mitaani

Mafunzo ya picha hizi hayahitaji gharama kubwa. Anayechanganya asidi na maji anapaswa kumimina asidi polepole ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, kwa kuwa joto linalozuka linaweza kurusha asidi usoni. Dawa ya kung'arisha nguo isichanganywe na dawa ya choo yenye asidi, maana mchanganyiko huo hutoa klorini, gesi inayochoma mapafu. Kemikali zisitiwe katika chupa za soda, kwani mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha.

Miwani ya kukinga macho, glavu na hewa ya kutosha ndivyo vitu ambavyo Marie Curie hana katika picha zake. Fundi wa nguo za kazi zenye vumbi la betri na abadilishe kabla ya kumbeba mwanawe. Asidi ikimwingia mtu jichoni, lioshwe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi huku akipelekwa hospitalini.

Aidha, walimu wa Kemia wanaweza kuwapa wanafunzi wao picha ya kale na kuwauliza maswali matatu: Ni nani hayumo? Ni hatari gani haionekani? Je, hii ni kazi au ni mkao? Simu ya mkononi sasa imo mifukoni mwa wengi, na wanafunzi hao wanaweza kupiga picha za kazi ya maabara ya shule yao au ya karakana ya jirani, kwa idhini ya wahusika, na kuandika chini yake mahali, tarehe, jina la kila aliyehusika na kilichomo ndani ya chombo.

Miaka 100 ijayo, atakayezitazama atajua kwamba kemia ilifanywa pia Kariobangi na Kayole. Atawajua waliofanya kazi hiyo kwa majina, na ataona kama walikuwa wamevaa glavu.