Je, Wajua? Malkia Alifunguliwa Akaunti Iitwayo HME2

Tarehe 26 Machi 1976, Malkia Elizabeth wa Pili alituma barua pepe kutoka kituo cha utafiti wa kijeshi huko Malvern, Uingereza. Hakuhangaika na nywila wala seva. Alibonyeza vitufe tu. Akaunti yake, HME2, ilikuwa imekwisha kuandaliwa na Peter Kirstein wa chuo kikuu cha University College London, yule yule aliyeiunganisha London na ARPANET, mtandao wa Marekani, mwaka 1973. Ujumbe wenyewe haukuwa na umbea wowote wa kifalme: ulitangaza habari za lugha ya kompyuta iitwayo Coral 66.

Miaka iliyofuata, vyuo vya Uingereza viliandika anwani kinyumenyume, nchi ikitangulia: uk.ac.ucl.cs. Herufi cs za mwishoni zilimaanisha idara ya sayansi ya kompyuta. Kumbe kwa ulimwengu mwingine, cs ilikuwa Chekoslovakia!

Siku hizi anayeweka akaunti kwenye Thunderbird au Outlook huandika jina, anwani na nywila, na mara nyingi programu hujitafutia mengine. Ikishindwa, huuliza: IMAP au POP? IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, huacha barua kwenye seva, zikasomeka kwenye simu na kompyuta vilevile. POP huzishusha kwenye mashine moja, na isipoagizwa vingine huweza kuzifuta kule zilikotoka.