Kunguru Wawili, Jina Moja

Kiswahili kimezoea kuwapa majina viumbe waliofika pwani kutoka ng'ambo, na aghalabu majina hayo huhifadhi kumbukumbu ya asili yao. Njiwa manga, anayefugwa majumbani na kuonekana pia katika viwanja vya miji, hunasibishwa na Manga, yaani Uarabuni. Bata bukini naye hunasibishwa na Bukini, jina la kale la kisiwa cha Madagaska. Jina la mwenyeji hubaki, na neno la pili humtenga mgeni. Makala haya yanachunguza hali iliyo kinyume cha hiyo, ambapo mgeni ametwaa jina la mwenyeji bila ya nyongeza yoyote.

Mwenyeji ni kunguru mwenye kifua na ukosi mweupe, ambaye wataalamu wa ndege humwita Corvus albus. Ameenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Mgeni ni Corvus splendens, mwembamba kuliko mwenziwe, mwenye shingo na kifua cha kijivu. Asili yake ni Bara Hindi na nchi zilizo jirani. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kuondoa taka za mji, na mwaka 1947 akaonekana Mombasa. Ndege huyu hujenga maskani yake palipo na watu. Kwa hiyo bustani, masoko, majaa na mikahawa ya pwani vimekuwa makao yake.

Madhara yake yanajulikana. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo, kama vile mnana, chozi na shore, hata bustani nyingi za pwani zikapungukiwa na sauti zao. Hunyakua vifaranga vya kuku na kuchafua vyakula. Kunguru mwenyeji mwenyewe amesukumwa nje ya miji ya pwani.

Hapa ndipo suala la lugha linapojitokeza. Mkazi wa Mombasa asikiapo neno "kunguru" humkumbuka ndege mwenye shingo ya kijivu, kwa kuwa ndiye amwonaye kila siku. Mkazi wa Nairobi humkumbuka yule mwenye kifua cheupe. Neno ni moja, maana ni mbili, na wasemaji hawana habari kwamba wanahitilafiana. Hata methali isemayo "Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake" imepata mrithi mpya. Mgeni huyo, ijapokuwa ni jasiri wa kunyakua chakula mezani, hutambua mitego upesi na kuikwepa. Mtoto wa Mombasa hawezi kulaumiwa akidhani kwamba methali ilitungwa kwa ajili yake.

Hitilafu hiyo si ya kamusi peke yake. Mwezi Juni 1924 ulipotimiza miaka mia, yaani Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaangamiza kunguru wa kigeni milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Tangazo la namna hiyo likifupishwa kuwa "kunguru wauawe", hukumu humfikia asiyekuwa na hatia. Mkulima wa bara hana njia ya kujua kwamba ndege wa shambani mwake si yule aliyekusudiwa.

Hata hivyo, lugha haikukosa dawa kabisa. Baadhi ya wasemaji wa Mombasa humwita mgeni "kurabu", neno lililo karibu kwa sauti na "ghurab" la Kiarabu, lenye maana ya kunguru. Wengine husema "kunguru wa Bara Hindi", kwa kufuata kanuni ile ile ya njiwa manga. Jina la kwanza ni fupi, lakini halijaenea bara. La pili ni refu, lakini hujieleza lenyewe.

Yafaa basi watunga kamusi wayaingize majina yote mawili, na maelezo ya kila ndege yataje rangi ya kifua na shingo, kwani hiyo ndiyo alama aionayo mtu wa kawaida. Kusema tu kwamba kunguru ni "ndege mweusi" hakutoshi tena. Jina lisilobagua humponza mwenyeji kwa makosa ya mgeni.