Batri ilikufa, na mimi niko na diploma ya elektroniki

Leo sizungumzi politiki. Nazungumza batri.

Mdogo wangu iko na kioski ya kuchaji simu huku Kadutu, Bukavu. Umeme ukikatika watu wanaleta simu kwake, naye anatumia paneli moja ya jua na batri ya volti 12. Baada ya miezi saba batri ikakufa. Akaniuliza: "Yaya, wewe ulisoma elektroniki. Batri imekufa juu ya nini?" Nikakosa jibu. Miaka yote ile ya masomo, na swali la kwanza la nyumbani likanishinda.

Jibu nilikuja kulipata. Batri ya risasi na asidi ikijaa na kupumzika inaonyesha karibu volti 12.7. Ikifika 12.2 imebaki nusu hivi. Ukiishusha chini ya 12 kila usiku, sahani zake za ndani zinashika salfeti ngumu ambayo kuchaji hakuiondoi tena. Mdogo wangu alikuwa anachaji simu mpaka taa inazimika yenyewe. Hakukuwa na kitu cha kumwambia: simama.

Hicho kitu ndicho nilitengeneza, na wewe unaweza. Kinahitaji mikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ndani ya chipu moja: inapima, inaamua, inatenda. Nilichukua Arduino Uno. Arduino ilizaliwa mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, ili hata wanafunzi wasiosomea elektroniki waweze kuitumia. Uno iko na kilobaiti 32 tu za kuweka programu. Usicheke, kwa kazi hii zinabakia.

Kwanza, usipeleke volti 12 kwenye pini yake. Inavumilia 5 tu. Kadi yangu ya kwanza niliiunguza hapo, juu ya haraka. Chukua rezistansi mbili: ya kiloomu 30 itoke kwenye chanya ya batri, ya kiloomu 10 iende kwenye hasi, na hasi ya kadi iungwe hapo hapo. Waya wa katikati unabeba robo ya volti za batri: 12 inakuwa 3. Kadi inageuza volti 0 mpaka 5 kuwa namba 0 mpaka 1023, kwa hiyo volti 3 zinatoa karibu 614. Programu inarudi kinyume: namba mara 5, gawa kwa 1023, mara 4. Volti zikishuka sana, kadi inaamuru rele ikate njia ya chaja za simu. Na usisahau fyuzi karibu na batri.

Nikafunga yote, nikafurahi. Kiskrini kikaandika 12.5. Nikaazima multimetri ya fundi redio wa jirani: batri ilikuwa 12.0! Kifaa changu cha kulinda batri kilikuwa kinaiua kwa adabu.

Kosa lilikuwa wapi? Ile 5 ya kwenye hesabu. Niliamini kadi inapata volti 5 kamili, kumbe chaja niliyoilishia ilikuwa inatoa 4.8. Kadi inapima kila kitu kwa kulinganisha na umeme wake yenyewe. Fimbo ya kupimia ikiwa fupi, kila nguo inaonekana ndefu. Nikapima pini ya 5V, nikaweka 4.8 kwenye programu, namba zikakubaliana. Ukibadilisha chaja, pima tena.

Kukabakia jambo moja. Rele ilikuwa inakata, inaunga, inakata, tak tak tak. Batri ukiitua mzigo, volti zinapanda zenyewe kidogo, kadi inadhani imepona. Dawa ni kuweka mipaka miwili: kata ikishuka 12.0, unga tena ikipita 12.8 tu. Hapo unajua paneli imeanza kweli kuijaza.

Batri mpya sasa imeingia mwaka wa pili. Mdogo wangu anafunga mapema siku za mvua, na wateja wananung'unika. Ni sawa. Batri inanunuliwa kwa dola, manung'uniko ni ya bure.

Mwaka 2013 Kinshasa iliona maroboti ya kuongoza magari barabarani, kazi ya mhandisi Thérèse Izay na timu yake. Yale pia yalitokana na shida ambayo kila mtu alikuwa anaiona: magari yaliyofungana kwenye njia panda. Wengi wetu tunaenda kinyume: tunanunua kadi, tunawasha taa ndogo nyekundu, tunapiga picha, halafu kadi inalala kwenye sanduku.

Anza na shida. Halafu pima, na usiamini namba mpaka uilinganishe na nyingine.

Sasa wewe: nyumbani kwenu kuko kitu gani kinachokufa polepole bila mtu kukipima?