MAJI NDANI YA TAA YA NYUMA

Mara hii tuache kwanza habari za mpira. Nataka tuangalie kitu kidogo ambacho kila mtu hapa Kayna anakiona wakati wa mvua na kupita tu: maji yanayolala ndani ya taa ya nyuma ya motokari, kama maji ndani ya chupa.

Mtu atasema, ni maji tu, yatakauka. Mimi siwezi tena kusema hivyo. Usiku mmoja nilikuwa juu ya kamionete, tunatoka Kirumba, mvua inanyesha na ukungu umefunika barabara. Shofere akakanyaga fre kwa ghafula sababu ya shimo. Kamio iliyotufuata haikuona kitu, maana taa zetu mbili za nyuma zilikuwa zimekufa katika maji. Ilisimama karibu sana, hata sisi tuliokaa nyuma tulisikia joto la moteri yake usoni. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kuchungulia taa za watu.

Sasa, juu ya nini maji yanaingia mahali palipofungwa? Tukumbuke somo la Fizikia na yule Gay-Lussac, Mfaransa aliyetangaza mwaka 1802 ya kwamba hewa ikipata joto inavimba. Ampuli ya nyuma, ile ya aina ya kawaida, mara nyingi ina nyuzi mbili: moja ya wati 5 kwa kuonekana usiku, nyingine ya wati 21 kwa fre. Joto lake linabaki ndani ya taa. Tuseme hewa lita 1 inatoka digri 20 na kufika 60: inataka nafasi zaidi, karibu sentilita 14. Basi hizo sentilita 14 zinatoka nje. Kisha mvua inapiga taa, hewa inapoa na kujikunja, na taa inavuta hewa nyingine badala yake. Kama pale inapovutia pana ufa mdogo uliofunikwa na maji, haitavuta hewa, itavuta maji. Inakunywa kama mzee na mrija wake wa kasiksi (walimu mnisamehe).

Lakini si kila maji ni ya ufa, na hapa njo watu wengi wanapotea. Kuna ukungu na kuna maji. Hewa ya digri 20, hata ikishiba unyevu kabisa, inabeba gramu 17 tu katika meta moja ya ujazo. Hesabu mwenyewe: katika lita 1 ni chini ya gramu 0,02, hata tone moja halitimii. Kwa hiyo ukiona asubuhi kioo cha taa kimefunikwa na moshi mweupe, na jua likipanda moshi unaisha, acha. Taa inapumua tu. (Wenye kuweka ampuli za kisasa za LED wataona moshi unakawia, kwa sababu zile hazitoi joto jingi kwa mbele.) Lakini ukiona maji yamesimama chini, hata kijiko kimoja, jua kwamba yameingia yakiwa maji.

Taa nyingi zimetengenezwa na tundu la kupumua, upande wa chini au wa nyuma, pengine na kamrija ka mpira. Shofere wetu wa kamionete, mtu mwema lakini mwenye haraka, alikuwa amepaka silikone pande zote mpaka tundu lile likazibwa. Maji yakaendelea kuingia kwa ufa ambao hakuuona, ila sasa hayakuwa tena na njia ya kutoka. Usizibe tundu hilo hata siku moja! Kama limejaa matope, lisafishe kwa kijiti.

Kutafuta ufa wenyewe kunafanana na kutafuta tundu katika mpira wa ndani wa baiskeli. Ondoa taa kwenye motokari, toa ampuli, ziba mahali pake kwa kitambaa na mkono. Ingiza taa katika beseni la maji, na mwenzako apulize pole pole kwa kamrija katika tundu la kupumua. Pale panapotoka mapovu, tia alama. Usisahau kutazama pia ule mpira unaokaa kati ya taa na bodi; mara nyingi kioo ni kizima kabisa, ni mpira ndio umekauka na kukatika. Mpya ukikosekana, unaweza kukatwa katika mpira wa ndani wa gurudumu kuukuu.

Kisha kausha vizuri, siku nzima juani au mbili. Si juu ya mbabula! Kioo hicho si kioo kweli, ni plastiki, kitajikunja. Wala usikisafishe kwa esansi, kitaota nyufa ndogo ndogo. Sabuni na maji vinatosha. Silikone paka juu ya ufa tu, kidogo. Ile inayonuka kama siki ina asidi inayokula shaba, kwa hiyo iache ikauke mpaka kesho yake kabla ya kurudisha ampuli. Mahali pa ampuli pakiwa na kutu ya kijani, kwaruza kwa msasa. Ukiona mtu anakanyaga fre na taa ya kugeuka inawaka pia, mara nyingi ni kutu hiyo: umeme umekosa njia ya kurudi kwenye bodi, unatafuta nyingine.

Kama kipande cha kioo chekundu kimevunjika, silikone haitasaidia. Mwanga utatoka mweupe, na mtu wa nyuma gizani atafikiri motokari inamjia. Hapo ni kununua kingine.

Na shofere aliye peke yake anaweza kujipima bila msaada: arudishe motokari nyuma karibu na ukuta jioni, akanyage fre, na aangalie katika kioo chake kama ukuta unakuwa mwekundu pande zote mbili.