Wagonjwa Wengi, Misiba Michache

Ukiuliza UKIMWI umefikia wapi mkoani Simiyu, kwa kawaida utatajiwa kiwango cha maambukizi, yaani kati ya watu wazima mia moja wangapi wana VVU. Kipimo hicho kilitosha kabla ya Oktoba 2004, Serikali ilipoanza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Leo, kikisomwa peke yake, kinapotosha. Kiwango hupanda watu wanapoambukizwa, lakini pia hushuka wanapokufa. Zamani mwenye VVU aliishi miaka kumi hivi, kisha akatoka kwenye hesabu kwa kuzikwa. Sasa anayemeza dawa kila siku hubaki humo hadi uzeeni. Ndiyo maana duniani vifo vimepungua kutoka takriban milioni 2.1 mwaka 2004 hadi 630,000 mwaka 2023, ilhali wanaoishi na VVU wameongezeka na kukaribia milioni 40. Kwa hiyo mkoa ambao kiwango chake hakishuki huenda unashindwa kuzuia maambukizi, au unafaulu kuwaweka watu hai. Kinachotenganisha hali hizo mbili ni vifo.

Shida ni kwamba vifo vyenyewe havihesabiwi vizuri. Katika mkoa wa wakulima wa pamba na wafugaji, wenye watu zaidi ya milioni 2, wengi hufia nyumbani na kuzikwa bila daktari kuandika chanzo. Familia itasema ni kifua, au amerogwa, na unyanyapaa huficha yaliyobaki. Kioo kilicho karibu kipo Kisesa, wilayani Magu, wilaya iliyokuwa ikijumuisha Busega, ambayo sasa ni wilaya ya Simiyu, kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012. Tangu 1994 watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa (NIMR), kituo cha Mwanza, hupita huko kaya kwa kaya, wakiandikisha waliozaliwa, waliohama na waliofariki, wakipima VVU kwa awamu na kuwahoji wafiwa kuhusu dalili za marehemu. Dawa za bure zilipoanza, wagonjwa wa Kisesa walipewa rufaa kwenda hospitali ya Bugando, mjini Mwanza. Mwaka 2008 kliniki ikafunguliwa katika kituo chao cha afya. Tangu dawa zilipoanza kupatikana, vifo vya watu wazima wenye VVU vimepungua.

Yupo atakayesema kwamba barabara, vyandarua na zahanati navyo vimeokoa watu. Ni kweli, ila malaria huua zaidi watoto wadogo, wakati UKIMWI uliwafyeka watu wa miaka ya kuzaa na kulea. Uzuri wa Kisesa ni kwamba mwenye virusi na asiye navyo wanaishi kijiji kimoja na kupita barabara ileile, hivyo tofauti ya vifo vyao inaweza kupimwa. Pingamizi la pili lina uzito zaidi: Kisesa ina watafiti, wilaya za Simiyu kama Itilima na Meatu hazina. Hapo nakubali kwamba idadi za Kisesa haziwezi kuhamishiwa Bariadi, makao makuu ya Simiyu. Kinachohamishika ni utaratibu wenyewe, yaani jinsi dawa inavyopunguza vifo, kwa kuwa virusi na dawa ni vilevile.

Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022–23 unaonyesha mnyororo wa kupima na kutibu unakatikia wapi. Kati ya watu wazima wenye VVU, asilimia 82.7 walijua hali zao. Kati ya hao, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya wanaotumia dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Pengo kubwa liko mlangoni, kwenye kupima, na wanaume ndio wanaochelewa zaidi, mara nyingi hadi kifua kikuu kiwalaze. Mchungaji wa Meatu anayehamahama na ng'ombe, au kijana wa Lamadi, wilayani Busega, anayeishi kwa uvuvi na malori ya barabara ya Musoma, hakutani na mpimaji kirahisi kama mama mjamzito anayepimwa kliniki. Maambukizi yakiwa machache ndipo kumkosa mtu kama huyu huwa rahisi zaidi, maana hata mhudumu hamtilii shaka. Kila kifo cha mwenye VVU Bariadi kingepaswa kuulizwa maswali mawili: alipimwa lini, na dawa ya mwisho aliichukua lini? Majibu yako kwenye kadi ya kliniki ya VVU (CTC) na rejista ya kituo, na kadi isipokuwepo, hilo nalo ni jibu la swali la kwanza.