Mwasumini wa Uani: Kuuchagua, Kuukuza na Kuurithisha

Ndugu mmoja hapa Maskati alivunja ukuta wa nyuma wa nyumba ya wazazi wake ili apate pahala pa kuegesha gari ya pili. Penye ukuta huo palikuwa na mwasumini alioupanda mama yake, Mungu amrehemu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, familia ilipofika kutoka Unguja. Ulikatwa asubuhi, na kufika adhuhuri majani yalikuwa yamenyauka. Aliponisimulia alisema, "Si neno, nitanunua mwengine." Kununua mwengine ni jambo jepesi kweli. Lakini huo mwengine hauwi ule, na sababu yake si ya moyo tu bali iko katika maumbile ya mti wenyewe.

Asumini tuliyoizoea uani, ile ya kutunga na kutia kwenye kikuba, wataalamu huiita Jasminum sambac. Asili yake ni upande wa India, na ilivuka bahari pamoja na watu. Mti huu ni nadra sana kuzaa mbegu. Huenea kwa mkono wa mtu anayekata tawi na kulipanda pengine. Na tawi likishika si mtoto wa mti wa kwanza, ni mti uleule uliogawanywa. Kwa hivyo kama bibi alichukua tawi kutoka ua wa mama yake huko Malindi ya Unguja au Chake Chake, na wewe ukachukua tawi kwa bibi, basi unachokinusa jioni ni mti aliounusa mama yake bibi. Katika vitu tulivyorithi, sanduku, kahawia za picha na hati, sijui kingine kilicho hai namna hiyo.

Majina nayo yana historia yake. "Asumini" na "yasmini" yametufikia kwa Kiarabu, na Waarabu waliyapokea kwa Waajemi. Hilo neno "sambac" la wataalamu limetoka katika Kiarabu "zanbaq", ambalo zamani lilikuwa jina la mafuta ya yasmini, ingawa leo Mwarabu akisema zanbaq hukusudia ua jengine kabisa. Haya si mambo ya vitabuni tu. Ukienda kwenye kitalu cha miche hapa Omani ukaomba "yasmin" unaweza kupewa mti mwengine, na ukisema "yasmin hindi" utapewa ule mti mnene wenye utomvu mweupe ambao wengi hupanda makaburini. Sema "ful", katika baadhi ya nchi za Ghuba wanaiita "razqi".

Ukiwa huna mzee wa kumwomba tawi, chagua kwa ua. Zipo zenye tabaka moja ya vijani vyeupe na zipo zilizojaa kama waridi dogo. Kwa kutunga, mimi napendelea za tabaka moja au mbili: vitumba vyake ni virefu na vyembamba, sindano hupita vizuri, na mti hutoa kwa wingi. Zilizojaa zina harufu nzito na zinapendeza kichwani, lakini mti wake hukua polepole. Uingereza hizi mbili huuzwa kwa majina Maid of Orleans na Grand Duke of Tuscany. Jihadharini na Jasminum officinale, inayopatikana kila duka la miche huko. Ni yasmini ya kweli na inahimili baridi, lakini ni mtambaa wa jamii nyengine, na mama zetu wakiinusa watasema mara moja kuwa siyo.

Sasa tawi. Usikate lile laini la nchani wala lile gumu la mti mkongwe. Kata la katikati, lililoanza kukomaa lakini bado likikunjwa halivunjiki upesi. Urefu wa sentimita 10 hadi 15 unatosha. Kata chini kidogo ya kifundo cha majani, ondoa majani ya chini, uache mawili ya juu, na maua uyatoe yote hata kama roho inauma. Lichomeke katika mchanga uliochanganywa na udongo mwepesi, ulifunike kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, uliweke kivulini. Udongo uwe na unyevu, usiwe tope. Baada ya wiki nne mpaka nane, ukilivuta kidogo na likakataa kutoka, limeshika. Chukua matawi sita kwa kutaraji mawili.

Wenye mti bado umesimama wana njia ya uhakika zaidi. Inamisha tawi la chini mpaka liguse ardhi, likwaruze ngozi kidogo upande wa chini, lifukie hapo kwenye mkwaruzo na uliwekee jiwe. Ncha iachwe nje. Tawi linaendelea kunyonya kwa mama yake huku likitoa mizizi, na baada ya miezi michache unalikata. Yule ndugu yangu, laiti angalijua, angalichelewesha mafundi msimu mmoja tu.

Maskati mti hupandwa kuanzia Oktoba mpaka Machi. Jua la asubuhi ni lake, jua la alasiri la Julai lapaswa kukingwa, na chungu kisiwekwe juu ya marumaru nyeupe, maana mizizi hupikwa. Udongo wetu una chokaa nyingi, basi mti hushindwa kuvuta chuma na majani hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wengi wakiona hivyo huongeza maji, na hayo si dawa. Dawa ni mbolea yenye chuma ya kuchanganya na maji. Mimi mwenyewe niliua mche mzuri nilioutoa kwa shangazi kwa kuumwagilia maji ya kisima cha Batina, ambako maji ya bahari yameingia chini ya ardhi. Kingo za majani ziliungua kama zimepitiwa na moto. Onja maji kabla ya kumwagilia.

Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, basi ukataji ni mwisho wa baridi, thuluthi ya mti bila ya huruma.

Dada yangu aliye Portsmouth hupanda katika chungu, hukitoa nje kiangazi na kukirudisha ndani usiku ukishuka chini ya nyuzi 10. Humwagilia maji ya mvua kwa sababu ya bomba yana chokaa, na hupangusa majani kila wiki kwa ajili ya utitiri, unaopenda nyumba zenye joto kavu. Tawi alilipata kwa bibi mmoja wa kwetu wa mji huohuo. Msijaribu kuchukua mche mkobani ndani ya ndege: hutakiwa cheti cha afya ya mimea, na baadhi ya mimea haipokelewi.

Vya kikuba vyengine si sawa. Rehani huota kokote penye jua. Mhina umo nyumbani kwake hapa Omani. Waridi la Jabali Akhdar, linalochumwa kuanzia Machi mpaka Mei, hutaka ubaridi wa mlimani. Lakini kilua sijauona katika ua wowote wa Maskati. Ni mti wa kivulini, wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na jina lake halikutoka Arabuni. Bernard Verdcourt alipouandika kisayansi mwaka 1970 aliuchukulia jina letu, akauita Mkilua fragrans. Huo umebaki kwao.

Tawi likishika, andika kwenye kibao kidogo au nyuma ya daftari ya nyumba: limetoka kwa nani, ua gani, mwaka gani, na yeye alilipata wapi. Muulizeni sasa aliyepanda, angali hai. Mche wa tawi huweza kutoa vitumba vya kwanza mwaka wa kwanza au wa pili. Vichumeni alasiri vikiwa vimefumba, vitafunguka wenyewe baada ya magharibi.